Kumwaga kifusi hakukitoi kiwanja bondeni

Kila masika swali ni hilohilo: "Kiwanja kiko karibu na mto, lakini nikimwaga kifusi mita moja si yameisha?" Hayajaisha. Nimeliandika jibu hapa kwa ukamilifu kwa sababu kulijibu nusunusu kunaponza watu.

Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 20 kando ya mto Msimbazi, Dar es Salaam, tuseme upande wa Kigogo. Mto ukifurika na maji yakasimama hapo sentimita 80, kiwanja hicho kimebeba mita za ujazo 320 za maji. Ukikijaza, maji hayo hayapotei, yanahamia kwa jirani. Athari ya nyumba moja haionekani. Nyumba 40 zikijaza mfululizo ukingoni, mto umenyang'anywa nafasi ya mita za ujazo 12,800: maji yanapanda zaidi, yanabanwa katikati, yanaongeza kasi, na kasi hiyo ndiyo inayokula ukingo mpaka msingi wa yule aliyejaza mapema kuliko wote unabaki unaning'inia.

"Babu yangu hakuwahi kuona maji hapa." Nakubali, hakuyaona. Lakini Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapokea maji ya mito kama Ubungo na Sinza kabla ya kutokea baharini kwenye daraja la Salenda, na huko juu kote kumejengwa. Mvua ya milimita 60 kwa saa ikipiga kilomita moja ya mraba ya mashamba yanayoachia asilimia 30 ya maji, mtoni zinaingia mita za ujazo 5 kwa sekunde. Weka mabati, sakafu na lami, ardhi iachie asilimia 80, zinaingia zaidi ya 13. Mvua haijaongezeka hata tone.

Sasa levo, yaani kimo cha sakafu, na hapa ndipo watu wanapopoteza pesa. Fundi anauliza, "Tupandishe kiasi gani?" Mwenye nyumba anajibu, "Juu ya barabara." Barabara si kipimo! Ikimwagwa moramu sentimita 15, mwaka mwingine ikaongezwa tena, kisha ikaja lami, jamvi lako, yaani zege la sakafu, liko chini ya barabara na mtaro unamwaga sebuleni. Kipimo ni alama ya maji. Tafuta alama ya mafuriko makubwa yanayokumbukwa, kama yale ya Desemba 2011 ambayo baada yake familia nyingi za bondeni zilipewa viwanja Mabwepande. Itafute ndani ya nyumba, si nje. Ukutani nje mawimbi na mvua vimeshaifuta, lakini nyuma ya kabati, stoo, au kwenye plasta ya ndani isiyopakwa rangi upya, mstari wa tope unabaki. Chukua nyumba tatu zilizo karibu. Moja ikipishana na nyingine kwa zaidi ya sentimita 30, uliza vizuri: huenda yale yalikuwa maji ya mtaro ulioziba, si ya mto. Alama ukiihamisha hadi kiwanjani kwako kwa mpira wa maji (mpira mwembamba unaoona ndani, uliojazwa maji, ambao maji ya ncha zake mbili hukaa kimo kimoja), hakikisha hauna mapovu ya hewa hata moja, maana povu linadanganya. Mbali zaidi ya nyumba mbili tatu, mwite mpima na mashine yake.

Juu ya alama hiyo mimi naongeza sentimita 60 kwa mto, 30 kwa mtaro wa mtaa, na hapo ndipo liwe jamvi. Vitabu vinaziandika namba hizi kana kwamba zimekokotolewa. Ni makadirio. Kwenye eneo la Jangwani, chini kwenye bonde la Msimbazi, mchanga na taka vinaendelea kuinua kitanda cha mto, kwa hiyo kiasi kilekile cha maji kilichofika dirishani zamani leo kinaweza kupita dirisha. Sentimita 60 zinaweza zisitoshe.

Na ukisikia "mafuriko ya miaka 25" usihesabu miaka iliyobaki. Maana yake ni uwezekano wa asilimia 4 kila mwaka. Ukikaa miaka 30, uwezekano wa kuyaona angalau mara moja ni kama asilimia 71.

Mita 60 kutoka mtoni ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka zisijengwe nazo zinasomwa vibaya. Ni umbali wa kulinda ukingo, si mstari wa mwisho wa maji. Penye tambarare kama Jangwani mto unatoka mbali kuliko hapo, na penye korongo refu huenda usifike hata mita 20. Isitoshe, zinapimwa kutoka ukingoni, na ukingo unahama. Ukiliwa mita 8, nyumba iliyokuwa mita 65 sasa iko 57.

Kujaza kunafaa pale ambapo mto uko mbali na kinachokusumbua ni maji ya mvua yanayotuama. Ondoa kwanza udongo wa juu wenye majani na mizizi. Usikubali kifusi chenye nailoni na takataka: kitaoza, kitatitia, na jamvi litapasuka. Mwaga tabaka la sentimita 15 hadi 20, lowesha mpaka udongo ukifumbatwa ushikane bila kuchuruzika, shindilia kwa kompakta, ndipo uje tabaka jingine. Mita za ujazo 320 zilizoshindiliwa zinahitaji kama 400 zilizolegea, yaani tripu 27 za tipa ya mita za ujazo 15. Acha njia ya mtaro mpakani kwa jirani.

Aliyekwisha kujenga bondeni na hana pa kwenda, ninamshauri nyumba ya nguzo, maji yapite chini, kuliko kifusi. Na karo ya choo asiinyonye ikabaki tupu masika. Ardhi ikishiba maji, karo tupu inaweza kuelea, ikainuka na kukata mabomba yake.