Homa ya mapafu na bronkiti sugu iliyochachamaa: bakteria walewale, mahali tofauti

Mwezi wa sita na wa saba, baridi na vumbi la kiangazi vikishika Lubumbashi, mbabula, yaani majiko ya makala, huingizwa ndani jioni huko Katuba na Ruashi. Asubuhi kikohozi husikika kila uani, na kwenye farmasi wengi huomba dawa moja: amoksisilini. Wakati mwingine ndiyo dawa yenyewe. Mara nyingi siyo, kwa sababu neno "kikohozi" linafunika magonjwa mawili ambayo bakteria wake wanafanana ila matibabu yake hayafanani.

Homa ya mapafu, yaani nimonia, ni ugonjwa wa vifuko vya hewa, vile vidogo kabisa mwishoni mwa mirija, ambako oksijeni huingia damuni. Bakteria akifika huko, mwili humwaga majimaji na chembe nyeupe za damu kupigana naye. Vifuko vinajaa, hewa inakosa nafasi. Ndiyo maana mgonjwa ana homa na kutetemeka, anapumua haraka, na akivuta pumzi anachomwa upande mmoja wa kifua: kile kichomi ambacho wazee wanakijua vizuri.

Bronkiti sugu haiko huko chini. Iko kwenye mirija yenyewe. Jina hili lina masharti: kukohoa na kutoa makohozi kwa angalau miezi 3 katika mwaka, miaka 2 mfululizo, bila ugonjwa mwingine kama kifua kikuu kuwa ndio chanzo. Moshi wa sigara, wa kuni na wa makala, au vumbi la mgodi, umeharibu vinyweleo vinavyofagia mirija, na tezi za ute zimevimba. Ute usiofagiwa ni shamba la bakteria, nao huweza kuishi humo hata siku ambazo mgonjwa anajisikia mzima. Kwa hiyo kumkuta bakteria kwenye makohozi yake hakutoshi kusema ndiye aliyemwangusha. Tunasema bronkiti imechachamaa pale hali inapoharibika kwa siku chache kupita kawaida ya mgonjwa huyo.

Wa kwanza kwa nimonia ni pneumokoki, *Streptococcus pneumoniae*, anayejulikana tangu 1881. Hukaa wawili wawili, wamevaa ganda linalowateleza askari wa mwili. Watoto wengi humbeba puani bila kuumwa. Akishuka mapafuni, makohozi huweza kuwa na rangi ya kutu. Chanjo yake iko katika kalenda ya watoto ya Kongo: wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

*Haemophilus influenzae* ana jina la makosa. Mwaka 1892 Richard Pfeiffer, mtaalamu wa bakteria wa Ujerumani, alidhani ndiye anayeleta influenza. Kumbe influenza huletwa na virusi. Hapa pia watu huchanganya: aina ya b, yenye ganda, huua watoto kwa nimonia na meninjitisi (uvimbe wa utando wa ubongo), na chanjo ya pentavalenti inamzuia. Asiye na ganda ndiye kinara wa bronkiti iliyochachamaa, na chanjo hiyo haimgusi hata kidogo. *Moraxella catarrhalis* anamfuata mgonjwa huyohuyo wa bronkiti. Karibu aina zake zote hutengeneza kimeng'enya kinachovunja amoksisilini, isipokuwa ikiunganishwa na asidi klavulaniki.

*Mycoplasma pneumoniae* ni kisa kingine: hana ukuta wa seli. Amoksisilini huua kwa kuharibu ukuta huo, basi kwake haina la kubomoa. Hutumika doksisiklini au azitromisini. Staphylococcus huvizia baada ya surua au influenza, Klebsiella huwapata zaidi walevi na wenye kisukari, na Pseudomonas huja kwa mapafu yaliyochakaa.

Nimonia ya bakteria haisubiri. Kwa mtoto, hesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia: 60 au zaidi chini ya miezi 2, 50 kati ya miezi 2 na 11, na 40 kuanzia mwaka 1 hadi 5, ni pumzi ya haraka. Asiyeweza kunyonya au kunywa, au aliyezubaa, apelekwe hospitali palepale.

Kwa bronkiti huulizwa maswali matatu, yaliyopimwa na daktari Anthonisen na wenzake huko Kanada, 1987: je, pumzi inabana zaidi? Makohozi yameongezeka? Yamegeuka usaha, ya kijani au manjano? Antibiotiki hutolewa yote matatu yakiwepo, au mawili mojawapo likiwa usaha. La sivyo, bakteria huenda hana hatia: virusi na moshi pia huchachamaza bronkiti, na mgonjwa anahitaji zaidi dawa ya kufungua mirija. Kwa mtu mzima asiye na hali kali, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) unataja, kwa bronkiti iliyochachamaa, amoksisilini miligramu 500 kila saa 8 kwa siku 5; kwa nimonia isiyo kali, gramu 1 kila saa 8, siku 5. Kununua vidonge vinne "vya kuanzia" ni kupoteza pesa na kuwazoesha bakteria dawa.

Siprofloksasini, antibiotiki nyingine inayouzwa kirahisi mno, ni dhaifu kwa pneumokoki. Tena dawa za jamii yake huweza kutuliza kifua kikuu kwa muda na kukificha. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi kipimwe makohozi kwanza, hasa kwa mchimbaji aliyekula vumbi la mawe.

Makohozi yenyewe yatolewe vizuri, ikiwezekana kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki: sukutua kinywa kwa maji matupu, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kohoa kutoka chini ya kifua. Mate ya mdomoni yatamwonyesha fundi wa maabara bakteria wa mdomoni tu.