Maegesho ya Tanga mjini: nafasi ya mbele ya duka ni ya nani?

Mwenye duka anayefika mjini saa mbili asubuhi, akaegesha gari mbele ya mlango wake na kuliondoa saa kumi na moja jioni, amejizibia riziki mwenyewe. Nafasi ile ingetosha wateja tisa, kila mmoja kwa saa moja. Sisi tunaoshughulika na usafiri wa mijini tungependa wakazi wa Tanga walipime jambo hili kwanza, kabla ya kudai maegesho zaidi.

Chukua kipande cha mita 100 katikati ya jiji, au kwenye mojawapo ya barabara za namba kule Ngamiani. Gari linaloegeshwa sambamba na ukingo wa barabara huhitaji kama mita 6, kwa hiyo upande mmoja hupata nafasi 16. Ukiacha pembe za makutano, mageti na kijiwe cha bajaji, tuseme zinabaki 12. Magari 12 yakishinda hapo kutwa, nafasi hizo zimehudumia magari 12. Kila gari likikaa saa moja, kwa saa tisa za biashara zinahudumia magari 108, na hakuna aliyemwaga lami mpya.

Mita ya kwanza ya maegesho duniani, yaani kifaa cha kutoza ada kulingana na muda gari linaokaa, iliwekwa Oklahoma City, Marekani, Julai 1935, na malalamiko yaliyoileta ni haya haya. Wafanyakazi wa mjini waliwahi nafasi zote asubuhi, wateja wakafika na kukosa pa kusimama. Ada ilikuwa senti 5 kwa saa. Shabaha yake ilikuwa gari liondoke.

Ndiyo maana namna ya kutoza ina uzito kuliko kiasi. Nairobi kwa miaka mingi imetoza barabarani ada moja ya siku nzima. Dereva aliyekwisha kulipia siku hana sababu ya kuondoka baada ya nusu saa. Anayeumia ni yule aliyefuata dawa au aliyekwenda benki mara moja. Ushuru wa saa, unaopanda kadiri gari linavyokaa, unamtendea haki mteja huyo. Profesa Donald Shoup wa Marekani, aliyetumia maisha yake kuchunguza maegesho, alipendekeza bei ipangwe ili takriban asilimia 15 ya nafasi ziwe wazi wakati wowote. Alikusanya pia tafiti 16 za miji mbalimbali za kati ya 1927 na 2001. Kwa wastani, karibu asilimia 30 ya magari kwenye mitaa iliyopimwa yalikuwa yakizunguka kutafuta nafasi. Mitaa hiyo ilikuwa na msongamano mkubwa kuliko wetu, lakini anayezunguka mtaa mara ya tatu huku anachoma mafuta bure anajua kinachosemwa.

Magari ya kushinda yaende wapi? Mitaa ya pembeni. Mita 300 ni mwendo wa dakika nne au tano. Najua jua la Tanga, na ndiyo maana nasema mwarobaini uliopandwa kando ya njia ni sehemu ya mpango wa maegesho kama ilivyo rangi ya mistari.

Linaloniuma zaidi ni magari yanayopandishwa kwenye njia ya waenda kwa miguu. Mtu wa kiti cha magurudumu, mama mwenye mtoto mgongoni, mwanafunzi anayerudi nyumbani, wote wanasukumwa barabarani kati ya bodaboda na malori. Mifuniko ya mitaro nayo hupasuka, kwa kuwa haikujengwa kubeba tairi, na mvua za masika zikija shimo limejificha chini ya maji. Nguzo fupi za zege kandokando ya njia huzuia haya bila kuhitaji askari.

Ghorofa la maegesho halina haraka kwa mji wa ukubwa wetu. Ukihesabu na njia za kugeuzia, kila gari hula mita za mraba 25 hadi 30, eneo ambalo fremu nyingi za mjini hazilifikii. Na katika mji wa baiskeli kama Tanga, nafasi ya gari moja hubeba baiskeli kama kumi. Kirikuu na Fuso za mizigo zipangiwe kushusha kabla ya saa tatu asubuhi.

Wafanyabiashara wa mtaa mmoja wanaweza kuanza bila kusubiri mtaalamu. Siku moja ya kazi, kijana mwenye daftari apite kila baada ya nusu saa na kuandika tarakimu tatu za namba ya kila gari lililosimama. Jioni mtaona yapi yameshinda pale, ni ya nani, na saa ngapi hapakuwa na nafasi hata moja. Daftari hilo lipelekeni kwa diwani na kwa wahandisi wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, likiwa na mchoro wa mtaa.