Harmattan ni nini hasa? Kwa wanaopanga kwenda Ghana mwisho wa mwaka

Siku hizi kila ikifika Desemba unasikia watu wanaenda Accra, kuna matamasha, Waghana wa ughaibuni wanarudi nyumbani kwa wingi, nauli zinapanda, na ukiuliza hali ya hewa unajibiwa tu "ni kiangazi, mvua hakuna". Mvua kweli hakuna. Ila hicho kiangazi sio kile tulichozoea cha anga la bluu na jua la utosi, kuna kitu kinaitwa harmattan, na kama hukukisikia kabla utashuka ndege asubuhi ukute anga jeupe, jua limepauka, majengo ya mbele huyaoni vizuri, ukafikiri mvua inakuja kumbe ni vumbi.

Harmattan ni upepo mkavu unaotoka jangwa la Sahara, unavuma toka kaskazini mashariki kushuka mpaka Ghuba ya Guinea, kuanzia kama mwisho wa Novemba hadi katikati ya Machi hivi. Lakini mtu wa kule akikwambia "tuko kwenye harmattan" hazungumzii upepo peke yake, anazungumzia msimu mzima, yaani vumbi, baridi ya alfajiri, ngozi kukauka, midomo kupasuka.

Kama wewe ni mtu wa Pwani fikiria kaskazi. Nayo inatoka kaskazini mashariki, miezi ni ile ile, na sababu ni moja, jua limehamia upande wa kusini, ukanda wa mvua umelifuata, basi hewa ya kaskazini inapata nafasi ya kushuka. Tofauti ni njia tu. Kaskazi inafika kwetu imepita baharini, harmattan imepita jangwani kilomita na kilomita bila kugusa maji, kwa hiyo inafika ina kiu, inanyonya unyevu popote inapoukuta, kwenye majani, kwenye nguo ulizoanika, kwenye pua yako.

Na vumbi lenyewe sio mchanga wa kawaida. Sehemu kubwa inatoka bonde moja kule Chad linaitwa Bodélé, zamani sana lilikuwa chini ya ziwa kubwa, maji yakakauka yakabaki masalia ya viumbe vidogo vya majini ambayo ni mepesi kama unga, alafu upepo unabanwa kati ya milima ya Tibesti na Ennedi unatoka pale na kasi ya ajabu unayazoa. Ndo maana usitegemee dhoruba ya mchanga ya kwenye muvi. Ni ukungu wa vumbi laini unaoning'inia siku kadhaa bila kutua, na mwingine unavuka Atlantiki mpaka Amerika ya Kusini.

Sasa Ghana sio yote inapigwa sawa. Kaskazini, kwenye miji ya Tamale, Bolgatanga na Wa, huko ndo kwenyewe, unyevu wa hewa unaweza kushuka chini ya asilimia 20, mchana joto kali, usiku nyuzi zinashuka chini ya 20 na unaona watu wamevaa masweta na kofia za sufu asubuhi. Accra na Cape Coast hewa ya bahari inapambana nayo, inashinda siku nyingi, harmattan inakuja kwa vipindi hasa kati ya Desemba na Februari kisha jasho linarudi kama kawaida. Wengine wanazipenda hizo siku za harmattan maana angalau huloi shati.

Kwenye safari shida kubwa ni kuona. Vumbi likizidi ndege za ndani kama za Accra kwenda Tamale zinachelewa au zinafutwa, Nigeria nako ni hivo hivo, Kano na Abuja wanalijua hili vizuri, kwa hiyo usipange utoke Tamale asubuhi afu jioni uunganishe ndege ya kurudi nyumbani, jipe siku nzima katikati. Barabara za vumbi kaskazini zinapitika vizuri kuliko wakati wa mvua, hilo ni zuri, ila ukiwa nyuma ya lori utakula vumbi la Sahara na la barabarani kwa pamoja. Na majani yakiwa makavu vile moto wa porini unaenda haraka mno, mwaka 1983 ukame na moto viliteketeza mashamba mengi ya kakao Ghana.

Beba mafuta mazito ya kupaka, ya shea yanapatikana kila soko kule kaskazini na ni bei poa, barakoa, miwani badala ya lenzi za macho, na kama una pumu inhela isikae kwenye begi la chini. Lingine ambalo watu wanalisahau ni homa ya uti wa mgongo. Kaskazini mwa Ghana iko ndani ya ule ukanda unaotoka Senegal mpaka Ethiopia ambako ugonjwa huu unapanda msimu wa ukavu, chanjo iliyoanza kutolewa 2010 imeipunguza sana aina ya A lakini aina nyingine bado zipo, ongea na daktari kabla ya safari.

Kuna anayeuliza basi bora asiende? Inategemea unafuata nini. Tembo wa hifadhi ya Mole unawaona vizuri zaidi ukavu huu huu kwa sababu wanakusanyika kwenye mabwawa. Kama unataka picha za anga safi na majani ya kijani kaskazini, mimi ningeenda mwanzoni mwa Novemba, mvua zimeisha na vumbi halijafika. Kusogeza safari mpaka mwisho wa Machi sio ujanja, vumbi litakuwa limepungua kweli ila ndo kipindi kaskazini joto linakaribia nyuzi 40 na mvua bado inasuasua.