Mboji si samadi iliyokauka

Mwezi huu nimesikia mara tatu mtu akisema "nimeweka mboji" huku akinionyesha samadi. Wa kwanza alikuwa muuza miche wa kando ya barabara. Wa pili ni kijana anayefundisha kwa video namna ya kupanda sukuma wiki kwenye ndoo. Wa tatu ni jirani yangu wa ghorofa ya chini, ambaye miche yake kumi na minne ya nyanya imekufa yote. Huyo wa tatu ndiye aliyenikalisha niandike.

Maana kwanza, kwa haraka. Mboji ni mabaki ya mimea, na hata ya wanyama, yaliyorundikwa yakaoza mpaka yakamaliza kuoza. Ni nyeusi, ya chengachenga, ina harufu ya ardhi iliyoguswa na mvua, na huwezi tena kujua lipi lilikuwa ganda la ndizi na lipi jani la mwembe. Mbolea vunde ni hiyohiyo kwa jina jingine. Samadi ni kinyesi cha mifugo. Mbolea ni jina la ukoo mzima: mboji ni mbolea, samadi ni mbolea, na ile ya chumvichumvi ya dukani, urea na DAP, nayo ni mbolea. Kwa hiyo aliyeita samadi "mbolea" hajakosea hata kidogo. Aliyeiita mboji amekosea, na kosa lake linaua miche.

Samadi tumeipata kwa Waarabu. Kwao neno hilo linabeba kila kinachorutubisha ardhi, na ukiingia duka la pembejeo Maskati utalikuta hata kwenye mfuko wa urea. Sisi tulilipokea tukalibana, likabaki na zizi na banda. Mbolea ni neno la kwetu. Wazulu na Wabemba wakitaka kusema kitu kinaoza husema kinabola, na ukilisikia tendo hilo hutaiona tena mbolea kama neno lililozaliwa kwenye mfuko wa kiwandani. Lakini neno ninalolipenda kuliko yote haya ni vunde, na kwalo nitakaa kidogo.

Vunde limetoka kwenye kuvunda, na kuvunda kumezaa uvundo, harufu mbaya. Kumezaa pia kuvundika. Hapo kwenye -ika pana jambo ambalo wengi wetu tunalitumia kila siku bila kulitazama. Kikombe kimevunjika, barua inasomeka, njia inapitika: -ika hiyo inasema jambo limempata kitu, au linawezekana kwake, na aliyelitenda hatajwi. Sasa sikiliza kuanika, kutundika, kufunika, kubandika, kuatika miche. Hapa -ika ni mkono wa mtu. Kuna mtu amekichukua kitu akakiweka mahali fulani, au katika hali fulani, kwa makusudi. Kuvundika ni la kundi hili la pili. Kitu hakivundiki chenyewe; kinavundikwa.

Bibi akivundika mkungu wa ndizi haachi ukaning'inia uani. Anaufunika kwa majani makavu, au anaufukia shimoni, anaubania joto lake, kisha anahesabu siku. Kila mtoto aliyelelewa na bibi anajua adhabu ya kufunua kabla ya wakati. Kwa hiyo tendo hilo limebeba kufunika, joto na kungoja, yote ndani ya silabi tatu. Mbolea vunde ni mbolea iliyofanyiwa hivyo. Wamatengo wa Mbinga wanaufanya ufundi huu mlimani kwa ngolo zao: wanakata nyasi, wanazipanga kwa mistari inayokatana kama nyavu, wanazifukia kwa udongo wanaouchimba katikati ya kila jicho la wavu huo, na kwenye matuta wanapanda maharage huku nyasi zikioza chini yake. Hakuna anayesema Mmatengo amepanda kwenye nyasi. Nyasi zimevundikwa.

Sasa turudi kwa muuza miche. Nilipomuuliza kama hiyo mboji yake imeoza, alinijibu kwa kujiamini kabisa: "Imekauka vizuri, dada, imekaa juani wiki mbili." Hapo ndipo pananiumiza. Kukauka si kuoza. Kukauka ni kusimamisha kuoza. Tunaanika dagaa ili wasioze! Vijidudu vinavyogeuza kinyesi kuwa mboji vinahitaji unyevu na hewa. Ukiondoa maji vinalala, vingine vinakufa, na kinyesi kinabaki kilekile, isipokuwa sasa ni chepesi kubeba na hakinuki sana. Huyo muuza miche ameianika samadi, halafu anaiuza kwa jina la iliyovundikwa. Ni matendo mawili yanayokwenda pande mbili tofauti. Mnunuzi anaifikisha nyumbani, anaijaza ndooni, anamwagilia, na kuoza kunaanza upya palepale kwenye mizizi ya mche.

Jirani yangu, aliyenunua kwake, aliniletea mfuko wenyewe. Nilitia mkono mpaka kwenye kiwiko. Juu palikuwa pakavu kama unga wa tumbaku. Chini, alikomwagia maji siku mbili kabla, palikuwa na uvuguvugu wa uji uliosahauliwa mezani, na nilipotoa mkono hewa iliyopanda ilinichoma macho. Katikati ya vidole nilikuta maranda ya mbao, bado ya njano, na unyoya mmoja mweupe. Ilikuwa samadi ya banda la kuku, yenyewe na matandiko yake. Kwenye mfuko paliandikwa kwa kalamu nene: MBOJI SAFI.

Miche yake ilikufa hivi. Samadi ya kuku ina naitrojeni nyingi, na ikilowa hutoa amonia, ambayo ndiyo ile hewa iliyonichoma macho, na inaunguza vinyweleo vya mizizi. Juu ya hiyo ina chumvi. Chumvi ikizidi udongoni, mzizi unashindwa kunywa hata kama maji yapo, na dalili yake ni kingo za majani kuwa kahawia na kujikunja kana kwamba mche una kiu. Mwenye mche akiona kiu anaongeza maji, samadi inazidi kuchacha. Maranda nayo yana lake: vijidudu vinavyoyala hukopa naitrojeni kutoka kwenye udongo, hivyo hata mche utakaopona kuungua unaweza kudumaa na kuwa wa njano kwa wiki nyingi baadaye.

Najua nitaambiwa kwamba wazee wetu waliweka samadi shambani bila kuuliza mtu. Kweli. Kihamba, yaani shamba la kuzunguka nyumba, huko Uchagani kimelisha migomba kwa samadi ya ng'ombe wa ndani kizazi kwa kizazi. Lakini mgomba wa kihambani una ardhi isiyo na ukuta. Mvua inashusha chumvi chini kabisa, amonia inapata pa kutokea, nyungunyungu wanaburuta kinyesi kidogokidogo, na mzizi ukikuta sehemu kali unapindia kwingine. Ndoo ya lita 20 haina kwingine. Ndani yake udongo ni kidogo, maji ni yale unayomwaga wewe, na kama hukutoboa matundu ya kutosha chini, kila chumvi iliyoingia itabaki humo. Mtu mwenye ekari anaweza kuchanganya maneno haya mawili na mahindi yakamsamehe. Sisi wa kwenye roshani na vibaraza, wenye ndoo, madumu yaliyokatwa na viroba, hatuna msamaha huo, na inanisikitisha kwamba ni sisi hasa tunaouziwa jina lisilo lake.

Na kuna suala la mdomo. Rundo la mboji lililojengwa sawasawa, lenye kaboni kama mara 25 hadi 30 ya naitrojeni na ukubwa wa kama mita moja kila upande, hupanda joto hadi nyuzi 55 au 65 za selsiasi. Joto hilo likishikilia siku kadhaa, na rundo likageuzwa ili kila sehemu ipate zamu ya kukaa katikati, linaua mbegu za magugu na vijidudu vya maradhi ya tumbo. Samadi iliyoanikwa haijapita huko. Mbegu za mchicha pori hupita tumboni mwa ng'ombe zikatoka salama, ndiyo maana ndoo ya samadi huota vitu ambavyo hukupanda. Magugu utayang'oa. Bakteria huyaoni. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka siku 120 zipite kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna zao linalogusa udongo, na siku 90 kwa lisilogusa. Mchicha wetu tunaung'oa ukiwa na wiki tatu au nne. Yaani umri wote wa mchicha, mara nne, haujafika hapo. Mchicha angalau tunaupika. Giligilani ya kachumbari haipikwi.

Nisieleweke kwamba naidharau samadi. Samadi ndiyo moto wa rundo. Ukiwa na majani makavu matupu utangoja mpaka uchoke. Ukiyapanga na tabaka za samadi, yanashika joto ndani ya siku chache. Hata Mwingereza Albert Howard, aliyeandika mwaka 1931 kuhusu njia ya Indore ya kutengeneza mboji baada ya kuifanyia kazi India, alijenga marundo yake kwa mabaki ya mimea na kinyesi cha ng'ombe kwa pamoja. Samadi ni kiungo cha mboji kama unga ulivyo kiungo cha chapati. Ni chema, ni cha lazima kwa wengi, na bado hakuna anayekupa bakuli la unga akakukaribisha chapati.

Kwa nafasi ndogo niseme wazi jambo moja: ndoo ya mboji kwenye roshani haifikii lile joto, kwa sababu kitu kidogo hakiwezi kutunza joto lake. Inaoza polepole, na kinachofidia joto ni muda. Mimi nina ndoo mbili za rangi zilizotobolewa ubavuni na chini. Moja inajazwa maganda ya jikoni, kila safu ikifunikwa kwa majani makavu yaliyofikichwa, nyingine imefunikwa inangoja. Miezi minne kwa kawaida, mitano kipindi cha baridi. Sitii samadi humo kwa sababu napanda mboga za kula mbichi. Kujua kama imeiva, naifunga konzi moja yenye unyevu kwenye mfuko wa plastiki siku tatu, kisha nafungua na kunusa. Ikinuka ardhi, tayari. Ikinuka chochote kingine, inarudi. Na hata ikiiva siijazi peke yake, maana huzidi kushuka na mche unabaki umezama nusu ndoo. Naweka sehemu mbili za udongo, moja ya mboji, moja ya mchanga.

Jirani aliniuliza kama autupe ule mfuko. Nilimwambia asiutupe. Tumeutafutia pipa lenye mfuniko nyuma ya ngazi, tumetoboa matundu, tumechanganya na majani ya mlozi na mwembe tuliyofagia uani, mara mbili ya kiasi cha samadi, tumenyunyizia maji mpaka ukikamua konzi linatoka tone moja au mawili. Analigeuza kila Jumamosi. Lina mwezi sasa, na bado likifunuliwa linanuka banda. Akikutana nami kwenye ngazi ananiita, "Dada, mboji yangu hujaja kuiona," nami namjibu kwamba nitakuja kuiona samadi yake, mboji tutaiona Februari.

Yule muuza miche nimemrudia pia, bila ugomvi. Miche yake ni mizuri, na samadi yake ni halali kabisa kuuzwa. Nimemwomba afute neno moja kwenye mfuko na kuandika jingine, na chini yake aongeze "ivundike kwanza". Alihofia wateja watakimbia. Nikanunua mifuko miwili palepale, akaiandika mwenyewe kwa kalamu ileile: SAMADI YA KUKU.