Kazi sambamba hazitumii diski moja

Juzi barazani hapa Lamu kijana anayeunda na kujaribu programu kwa mfululizo wa kazi zinazojiendesha zenyewe aliniuliza: "Kaka, kazi ya kwanza imeunda programu vizuri, ya majaribio yalia faili halipo. Limekwenda wapi?" Halikwenda popote, limepotea na mashine yake.

Wengi hudhani kazi za mfululizo mmoja hutumia diski moja. Sivyo. Kwenye mashine za GitHub Actions, huduma ya GitHub ya kuendesha kazi hizo, kila kazi hupewa mashine pepe mpya, yaani kompyuta ya kuigizwa kwa programu. Tanga lililoshonwa Matondoni halifiki Shela mpaka mtu alipakie mashuani. Basi kazi ya kwanza ipandishe zao lake (faili ililolitengeneza) kwenye hifadhi, ya pili ilipakue. Agizo la needs ("yahitaji"), linaloifanya kazi moja ingoje nyingine, hupanga zamu tu, halibebi faili. Hapa ndipo watu huumia, maana jina lenyewe ladanganya.

GitLab, huduma nyingine ya namna hiyo, ina ukarimu zaidi: mazao uliyoyataja hupakuliwa yenyewe na kazi za hatua zinazofuata. Lakini kazi mbili zinazokwenda kwa wakati mmoja hazipeani kitu. Mpokeaji sharti amngoje mtoaji.

Kache, akiba ya faili za kutumia tena, nayo si zao. Huharakisha tu, na siku yoyote yaweza kukosekana. Zao GitHub hulitunza siku 90, usipobadilisha.