Hakathoni ya mtandaoni ni nini?

Ukisikia "hakathoni" usidhani ni wadukuzi wanaovunja mifumo ya benki. Ni shindano la ubunifu la muda mfupi, mara nyingi saa 24 hadi 48. Timu hupewa tatizo halisi, na mwishoni huonyesha suluhisho linaloweza kujaribiwa, hata kama bado lina mapengo. Nusu ya jina imetoka kwenye marathoni. Lilianza kusikika mwaka 1999, watengenezaji wa OpenBSD, mfumo wa kuendeshea kompyuta, walipokutana Calgary, Kanada, kuandika programu pamoja. Siku hizi nyingi hufanyika mtandaoni, hivyo mwanafunzi wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya, anaweza kuwa timu moja na wenzake wa India na Mexico.

Wengi hudhani kuandaa hakathoni ni kutafuta zawadi na majaji. Kwangu mimi, kazi kubwa iko kwenye tatizo lenyewe. "Boresheni kilimo" si tatizo, ni hotuba. Lumbesa ni tatizo: gunia la viazi linajazwa mpaka mdomoni, linaongezewa kilemba juu, linafungwa kwa kamba, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Mwanafunzi wa Pune, India, hajawahi kuliona. Mwandaaji makini humwekea picha ya gunia hilo, humweleza nani anapunjwa, na huwa na mkulima wa Njombe au Uyole aliye tayari kujibu maswali kwa simu. Asipofanya hivyo, timu itaunda programu ya simu janja, nzuri kweli, kwa ajili ya mtu anayetumia kitochi.

Halafu kuna saa. Kikao cha 14:00 UTC, yaani saa ya kimataifa, ni saa 11 jioni Mbeya, saa 1:30 usiku India, na saa 2 asubuhi Mexico City. Na sisi tuna mtego wetu: anayeona 8:00 kwenye ratiba anaweza kusoma saa nane. Kwa hiyo andika saa ya kila mji kwa maneno, tena ongeza asubuhi au usiku.

Vikao vya video viwe vichache na virekodiwe, maana bando huisha na umeme hukatika. Kazi nyingine ipokezanwe kwa maandishi: Mbeya wakienda kulala wanaacha ujumbe wa mistari mitano, kilichokamilika na kilichokwama, na Mexico wanaendelea kutoka hapo.