Kutoka Ndege Hadi Ndege, Kisha Tembo: Yasemwayo Kuhusu David Shepherd na Yaliyokuwa

Tembo dume anakuja moja kwa moja upande wako, masikio ameyatanua, vumbi linapanda miguuni. Ukiikuta picha ya namna hiyo ukutani hotelini, huenda ni nakala ya kazi ya David Shepherd, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1931 na kufariki mwaka 2017. Picha zake zimeenea sana, na habari zake zimeenea pamoja nazo, nyingine zikiwa zimepinda njiani. Nazinyoosha hapa kwa sababu sehemu kubwa ya maisha yake iligeukia kwetu.

Dhana: Alikuja Afrika kuchora tembo

La. Alikuja mwaka 1949, kijana aliyemaliza shule, akitaka kuwa bwana nyama. Kenya ilimkataa. Akateremka hadi Malindi, akapata kazi ya mapokezi hotelini kwa ujira wa pauni 1 kwa wiki, na nauli ya kurudi kwao hakuwa nayo. Ndipo akachora ndege, hawa wenye manyoya. Picha 7, kila moja akaiuza kwa pauni 10, na fedha hizo zikamlipia safari ya meli. Kwa hiyo brashi yake ilimwokoa kwa mara ya kwanza hapa pwani, na tembo hakuwamo.

Dhana: Kipaji alizaliwa nacho

Shuleni alikimbilia darasa la uchoraji kwa kuogopa raga. Aliporudi kutoka Kenya aliomba nafasi katika chuo cha sanaa cha Slade, London, wakamwona hafai. Alibaki na njia mbili kichwani: uchoraji au udereva wa basi. Mchoraji Robin Goodwin, aliyejulikana kwa picha za bahari na za watu, ndiye aliyekubali kumchukua, akamfunza kwa miaka 3. Mtu akiniambia “yule alijaliwa tu”, mimi huikumbuka hiyo miaka 3.

Dhana: Picha za kijeshi na picha za wanyama ni njia mbili tofauti

Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi, na Kiswahili kinatusaidia kuona kosa lenyewe. Sisi tuna neno moja, ndege, kwa kiumbe na kwa chombo, na Shepherd alitoka kwa mmoja akaenda kwa mwingine. Baada ya kufunzwa hakuchora mbuga. Alisimamisha turubai lake kwenye uwanja wa ndege wa Heathrow akachora ndege za abiria, na baadaye Jeshi la Anga la Uingereza likaanza kumwalika. Mwaka 1960 jeshi hilo lilimpeleka Aden, mji wa bandari ulioko Yemen ya leo, kisha likamleta Kenya. Wanajeshi wa jeshi hilo waliokuwa Kenya hawakutaka picha ya ndege, walikuwa wakiziona kila siku. Wakamwomba mnyama. Akawachorea faru, wakamlipa pauni 25.

Hiyo ndiyo picha yake ya kwanza ya wanyamapori aliyoagizwa. Wanajeshi ndio waliomfungulia mlango wa mbuga, mlango ule ule aliokuta umefungwa miaka 11 kabla.

Safari hiyo hiyo ilimfikisha Tanganyika, kwenye dimbwi ambalo majangili walikuwa wametia sumu. Punda milia 255 walikuwa wamelala wamekufa kulizunguka. Tangu hapo hakuwa mchoraji tu, alikuwa pia mtetezi wa wanyamapori.

Wala hakuliacha jeshi. Moja ya picha zake zinazojulikana inaonyesha daraja la Arnhem, Uholanzi, saa kumi na moja jioni ya siku ya pili ya mapigano ya Septemba 1944 katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, askari wa miamvuli wa Uingereza wakiwa wameshikilia upande wa kaskazini. Daraja lile lilivunjwa kwa mabomu mwezi uliofuata, na lililopo leo limejengwa upya. Mchoraji wa historia hawezi kwenda kukaa mbele ya tukio kama anavyokaa mbele ya mbuyu. Anaunganisha picha za zamani, ramani na kumbukumbu za waliokuwepo, tena anajua kwamba mzee aliyepigana pale atasimama mbele ya turubai na kukagua kila kofia.

Kwa maoni yangu mnyama anadai uaminifu ule ule. Mchoraji anayempaka kila tembo rangi ya kijivu hajafika Tsavo, ambako tembo ni wekundu kwa udongo wanaojipaka na kujirushia. Askari wa wanyamapori ataliona kosa hilo haraka kama mpiganaji wa Arnhem anavyoona bunduki iliyokosewa.

Dhana: Ni mapambo ya matajiri tu

Nakala za picha yake ya chui milia, *Tiger Fire*, ziliingiza pauni 127,500 mwaka 1973 kwa kampeni ya kuwaokoa wanyama hao India. Mwaka 1984 akaanzisha mfuko wa hifadhi unaobeba jina lake. Nchini Zambia, fedha za picha zake zilinunua helikopta ya kupambana na majangili. Kijana aliyekataliwa ubwana nyama alikuwa sasa anawapa mabwana nyama wa nchi nyingine macho ya angani.

Rais Kenneth Kaunda, ambaye Shepherd alikuwa amemchora, alimshukuru kwa zawadi aliyojua itamgusa, maana Shepherd alipenda magarimoshi ya mvuke: kichwa cha garimoshi la mvuke, chakavu, kilichokuwa kikivuta magogo kwenye reli ya Mulobezi. Shepherd alikipakia, akakisafirisha hadi Uingereza.